Mgonjwa Aliyebaki Kwenye Foleni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti limepungua kuuma, au bado unapanda kochi kufuta vumbi na umeshakatazwa? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo hauna raha.

Uliniuliza hasa nafanya kazi gani. Tunatengeneza programu ya foleni za hospitali, nami naiandikia majaribio, yaani programu ndogo za kukagua kama inafanya kazi sawasawa. Kila jaribio lina maandalizi: naweka mgonjwa wa kubuni, namkalisha kwenye foleni. Likiisha, kipande kingine kinamwondoa, ili jaribio linalofuata likute pasafi. Ni kama wewe na chumba chako cha upasuaji. Hukuruhusu mgonjwa aingie kabla hujafuta kila alama ya aliyemtangulia, hata madaktari walikuogopa.

Meza ya pili anakaa mama mmoja wa makamo tuliyembandika jina la Bi Polepole. Yeye husafisha baada ya kila jaribio, kwa hiyo kazi yake huchukua muda, nasi humtania kwamba anapiga deki. Mwezi uliopita majaribio yake yakaanza kufeli. Mojawapo linataka foleni iwe tupu asubuhi kabla ya kufungua. Likakuta mtu ameketi. Alikagua kazi yake wiki mbili nzima asione kosa. Meneja akamwambia mkataba wake hautaongezwa. Akafunga kikombe chake kwenye gazeti, akanishika mkono, akanishukuru kwa kumsaidia kutafuta.

Mama, mgonjwa yule alikuwa wangu. Nilikuwa nimeondoa usafishaji kwenye majaribio yangu ili yakimbie, naye akabaki kwenye foleni tunayoitumia sote, na kasi hiyo ndiyo niliyopigiwa makofi na kupewa cheti. Kosa nililijua tangu siku ya pili. Nikakaa naye tunatafuta kitu nilichokificha mwenyewe. Wewe husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ya wiki mbili, na nimeona haya kila hatua.

Leo asubuhi nimemweleza meneja. Bi Polepole ameitwa arudi. Habari yangu itajadiliwa Jumatatu, na huenda nikaja nyumbani mapema kuliko ulivyotarajia.

Nisalimie kaka na wanawe. Na ile picha yangu nikiwa na cheti, unayowaonyesha wageni hata kabla hawajakaa, naomba iteremshwe. Usipande kochi, mama. Mwache kaka aiteremshe.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba wako