Kapteni wa Miezi Sita

Jumanne, 7 Mei 2024

Mteja mpya, Lidcombe, hapa Sydney. Mzee Oreste, miaka themanini na tisa, Mtaliano – ndivyo ofisi ilivyoniambia. Nilipoingia akasimama. Magoti yamekwisha, ilimchukua muda, lakini alisimama, akanipa mkono, akangoja niketi kwanza. Miaka yote hii nahudumia wazee, hakuna aliyewahi kunisimamia.

Nikamwita Mtaliano, akanisahihisha taratibu. Yeye ni wa San Marino, jamhuri ndogo juu ya mlima, Italia imeizunguka pande zote. Kisha akasema aliwahi kuwa mkuu wa nchi hiyo. Nikajibu, "Sawa, Mzee," kama tulivyofundishwa, nikaenda kuchemsha maji. Wiki iliyopita bibi mmoja wa Cabramatta aliniambia yeye ni malkia.

Alhamisi, 9 Mei

Ni kweli! Loredana, binti yake anayeishi naye, ameniambia leo, kwa sauti ya mtu anayeeleza ugonjwa wa zamani. Kwao wakuu wa nchi ni wawili kwa pamoja, wanaitwa Makapteni. Kila mmoja anaweza kumzuia mwenzake. Wanakaa miezi sita – miezi sita tu! – halafu wanarudi makwao. Mzee alikuwa msoshalisti. Marehemu baba yangu angesema mjamaa. Mwenzake alitoka chama cha watu wa kanisa, mahasimu wao wakubwa, na ilibidi waelewane kila siku.

Muda ulipoisha akarudi kwenye kazi yake ya kuchonga mawe. Mkuu wa nchi jana, leo vumbi kwenye nyusi. Kwetu hata diwani akiangushwa huhama mtaa.

Jumatatu, 13 Mei

Nilikuwa namnyoa. Akaanza kusimulia mwenyewe.

Kapteni akimaliza, raia wanapewa siku chache za kumshtaki. Mzee alikaa nyumbani akisubiri, ana hakika hatakuja mtu. Akaja mwanamke mmoja. Aliolewa na mgeni, sheria ikamnyang'anya uraia. Mwanamume akioa mgeni alibaki na uraia wake. Yule mama akadai kwamba Kapteni Oreste amekalia kiti miezi sita akiita kila mtu ndugu, na kwa ajili ya wanawake kama yeye hakufungua mdomo.

Shauri likatupwa. Kapteni hakuvunja sheria yoyote.

"Lakini alikuwa amesema kweli," Mzee akaniambia.

Tangu siku hiyo akalisimamia jambo lile kwenye baraza lao la kutunga sheria, alikobaki mjumbe, mwaka hadi mwaka. Wenzake chamani wakamsihi anyamaze hadi uchaguzi upite, maana wapiga kura hawataki kulisikia. Hakunyamaza. Uchaguzi ukamwangusha, na hakurudi tena barazani.

Wembe ulikuwa mkononi, nimeusahau. Povu lilishamkaukia shavuni.

Jumanne, 21 Mei

Uchaguzi wa kwao ni tarehe 9 Juni. Kura haipigwi kwa posta, lazima ufike mwenyewe. Mzee anataka kwenda. Daktari amekataa katakata: moyo ule hauwezi safari ya siku nzima angani.

Mzee hakubisha. Chai ikapoa mbele yake. Baadaye akamgeukia Loredana: basi nenda wewe. Loredana akatoka nje.

Nilimkuta anaanika shuka. Akanieleza. Wakati ule alikuwa amechumbiwa na Mwaustralia. Baba yake akasimama barazani, akamtaja kwa jina, mbele ya nchi nzima: binti yangu mwenyewe mtamfanya mgeni. Hakumwuliza kwanza. "Harusi yangu aliigeuza mkutano wa hadhara," akasema. Dukani watu wakawa wanamnyooshea kidole. Wengine wakasema mzee anapigania wanawake kumbe anapigania nyumba yake. Akaolewa, akaja Sydney, uraia ukaenda. Miaka mingi hakumwandikia baba yake. Sheria ilibadilishwa baadaye sana, akarudishiwa uraia. Baba yake alipozeeka peke yake akamchukua waishi wote huku. Hajawahi kupiga kura kule.

Nikashika ncha ya pili ya shuka.

Jumatano, 29 Mei

Chakula cha mchana. Nilikuwa namkatia Mzee nyama. Loredana akaja, akasimama mbele ya meza. Akasema amekata tiketi. Halafu akasema, "Lakini kura yangu nakipa chama cha watu wa kanisa. Si chako."

Nikatazama sahani.

Mzee akafuta mdomo. "Nenda."

"Umesikia nilichosema?"

"Nimesikia. Sikupigana upewe kura yangu. Nilipigana upewe yako."

Loredana akaondoa sahani ambayo bado ilikuwa na chakula, akaenda nayo jikoni.

Jioni treni imenipitisha St Marys ninakoshuka, sikuona hata stesheni. Mtu anaweza kukaa na maneno kama yale miaka mingi hivyo?

Alhamisi, 6 Juni

Ameondoka. Baba na binti walipeana mikono mlangoni kama mabalozi. Kisha Loredana akarudi, akamfunga kifungo cha juu cha sweta.

Jumapili, 9 Juni

Leo niliomba shifti mwenyewe. Mzee ametaka suti na tai.

Saa kumi na moja jioni simu ikaita, ya video. Loredana yuko kwenye barabara ya mawe, upepo unampiga nywele, kwao ni asubuhi. "Baba, nimepiga." Mzee akauliza kama foleni ilikuwa ndefu. Akauliza hali ya hewa. Akauliza kama amekula. La kura hakuligusa.

"Huniulizi?"

Mzee akasema kura ni siri.

"Nataka nikuambie mwenyewe, Baba."

Mzee akaifunika simu kwa kiganja, akanigeukia. Mtu aliyewahi kuketi juu ya nchi nzima ananiuliza mimi: "Joyceline, nimsikilize kama baba, au nimkataze kama Kapteni?"

Nikamwambia, "Yeye amempigia simu baba yake, Mzee."

Nikatoka, nikafunga mlango. Naandika hapa jikoni. Hawajakata simu. Loredana alisema kitu kifupi, kwa lugha yao nisiyoijua, na kwangu kura imebaki siri. Sasa Mzee anacheka – au analia, mlango umefungwa, siwezi kujua – na Loredana anaita Baba, Baba, na yeye bado hajaacha.