Kumbikumbi Hana Kiuno

Mukurweini, Jumanne, Aprili 1968

Na mkaguzi anakuja kesho! Kumbikumbi, wale mchwa wenye mabawa, nimewabandika kundi moja na siafu na nyuki, kwa kuwa kitabu kinamwita mchwa "siafu mweupe".

Mama Ayako, mpishi wetu wa shule kutoka Kakamega, aliniletea chai, akachungulia sanduku langu la wadudu, akacheka.

"Mwalimu, hii si ndugu ya siafu. Siafu iko na kiuno. Hii hapana."

Nilikasirika. Kati yetu, nani amesoma? Kisha nikachukua lenzi. Kweli, hana kiuno, na mabawa yake manne yanalingana.

"Umejuaje?"

"Nimekaanga hii tangu utoto. Ati nisijue mwili yake?"

Nimewahamisha kwenye kundi lao wenyewe. Ila karatasi ya maelezo iliyo sandukuni ina nafasi ya jina la aliyemtambua mdudu, na nilikuwa nimeandika langu.

Nimelifuta, nikaandika la Ayako. Mkaguzi akiuliza Ayako ni mtaalamu wa wapi, nitamwambia: wa jikoni.