Mdahalo Uliofika Micheweni

Jumatatu, 5 Februari

Umeme hakuna tangu asubuhi. Nimesomesha sayansi ya siasa kwa mwanga wa dirisha, jasho mpaka kwenye nyusi. Mada: vyama vya siasa na kazi zake. Nasema, wanaandika. Nikikohoa, wanaandika. Watu wazima hawa, wengine wana watoto, lakini kwenye chuo hiki kinachosema ni kalamu tu.

Nikachoka. Nikauliza: nani hapa hajui jirani yake ni wa chama gani? Wakaangua kicheko darasa zima. Kicheko cha kwanza tangu muhula uanze. Pemba hii mtoto wa chekechea anajua duka lipi kwao hawanunui.

Basi nikawaambia Alhamisi tuna mdahalo, na kila mmoja atatetea chama ambacho si cha kwao. Kalamu zikasimama. Salma, binti wa Micheweni, akanyoosha mkono kuuliza kama ni lazima. Nikamjibu ni lazima na ina alama. Nilijiona hodari kweli.

Alhamisi, 8 Februari

Sijapata kuona darasa kama la leo.

Walianza kwa kigugumizi. Haji, kijana anayeuza vocha pale Chake, alitetea chama cha kina Salma kama mtu anayemeza mwarobaini. Kisha akasimama Salma kutetea chama cha kina Haji. Kwao Salma ni watu wa upande wa pili damu damu, na babake ndiye aliyekuwa akiongoza kampeni za kijiji. Lakini msichana alitoa hoja baada ya hoja, kwa ile sauti ya Kimicheweni inayopanda mwisho. Mpaka Haji akapiga makofi. Mpaka mimi.

Nimempa alama za juu kuliko wote. Nimerudi nyumbani Jadida naimba njiani, mwanamke wa makamo, haya sina.

Jumamosi, 10 Februari

Dada yangu kaja na simu yake. Ati, huyu si mwanafunzi wako? Nikatazama. Salma. Kipande kifupi tu, pale anaposema chama hiki ndicho kinachotufaa na wazee wetu walikosea. Maneno yangu ya mwanzo, kwamba huu ni mdahalo na kila mtu anasemea upande wa mwenzake, hayamo. Juu yake pameandikwa: Dada yetu kaiona haki.

Dada kaipata kwenye grupu la madrasa. Madrasa ya Mkoani, mwisho wa kisiwa! Kama imefika huko, Micheweni imefika zamani.



Jumatatu, 12 Februari

Salma hakuja.

Aliyerekodi ni Haji. Kasema mwenyewe mbele ya wenzake, sikuwa na haja ya kuuliza. Hakukusudia ubaya. Alifurahi, akataka na wa kwao wamsikie. Kwake yeye ilikuwa kumsifu. Nilimjia juu, nilitaka kumfukuza darasani, halafu nikaona machozi yanamtoka. Mtu na ndevu zake. Kaifuta klipu, lakini ilishaingia kwenye simu za watu.

Mkuu wa chuo kaniita. Kasema tunyamaze, litapita. Bwana huyu katoka Unguja mwaka jana. Hajui. Mimi nimezaliwa hapa, najua kususiwa kulivyo. Hupigwi wala hutukanwi. Ukitoa salamu unajibiwa kwa ndani ya koo. Ukiwa na msiba huoni mtu. Ukiwa na harusi ndio kabisa.

Na kaka yake Salma anaoa Jumamosi hii. Ya Rabi.

Jumatano, 14 Februari

Nimekwenda Micheweni. Mzee Shaame, babake Salma, kanipokea kwa heshima zote, kahawa na tende. Afadhali angenifokea. Kasema, "Mwalimu, mie nilikupa ntoto umsomeshe. Weye umemvisha nguo ya watu ukampeleka sokoni."

 Nimemwomba radhi, nikamwambia kosa ni langu, si la binti yake. Kasema kanisamehe. Lakini Salma harudi chuo, hilo limekwisha.

Mamake Salma kanieleza mengine jikoni. Walima, karamu ya harusi, kwao hauna kadi. Siku moja kabla, wanawake wa mtaa huja wenyewe kuchambua mchele, kumenya vitunguu thomu na kukuna nazi. Asiyekuja keshasema alilonalo. Na wameshaletewa ujumbe na watu wa chama chao: Shaame amkane bintiye barazani mbele za watu, ama wachambue mchele wao peke yao. Kakataa kumkana. Hakumwambia hata Salma kama kaombwa.

Salma mwenyewe hakutoka chumbani. Nimeona miguu yake tu chini ya pazia. Sikuthubutu kumwita.

Alhamisi, 15 Februari

Haji kanipigia. Mama yake na shangazi zake wako tayari kwenda Micheweni kesho kusaidia kuchambua mchele. Nimemkatalia kwa kufoka. Hao ni watu wa chama kile kile anachoambiwa Salma kahamia. Wakiingia ndani ya ua ule, basi imethibiti, watu watasema si tuliwaambia. Hakunielewa mpaka nilipomweleza mara ya pili.

Walio tayari kwenda hawafai. Wanaofaa hawataki. Miaka yote niliyosoma bara sikufundishwa sura hii.

Nina hasira. Na Haji, na simu, na barza za wanaume. Zaidi na mimi.

Ijumaa, 16 Februari

Baada ya sala tulikaa uani kwao Salma, Micheweni. Mimi, Salma, mamake, na shangazi mmoja mbovu wa magoti. Mikeka ilitandikwa ya kutosha mtaa mzima. Mchele umejaa kwenye ungo na masinia. Hakuja mtu. Salma anachambua hainui uso. Nikamwambia nisamehe mwanangu. Akasema, "Mimi nilipenda kuyasema yale, Mwalimu. Ndio maana naona haya." Hapo nikazidi kuumia.

Alasiri ikapigwa hodi. Bi Mize, jirani wa nyumba ya pili, bibi mzima, na mbuzi yake ya kukunia nazi kwapani. Mamake Salma akanishika mkono. Akaninong'oneza. Bi Mize ni wa upande ule wa kina Haji. Alipofiwa na mumewe mtaa mzima ulimsusia, jeneza likachukuliwa na wanawe na watu wa kijiji chengine. Mzee Shaame siku ile alikuwa kakaa barazani. Jeneza halikupita mbali naye. Hakuinuka.

Leo barza ya ng'ambo imejaa watu wa chama chake Shaame, wote wanatazama. Mmoja akavuka njia akaja mpaka mlangoni, wala hakushusha sauti: mrudishe huyu bibi, Shaame, na wake zetu wanaingia sasa hivi. Na kweli walikuwa tayari. Niliwaona madirishani, kanga wameshajifunga viunoni.

Mzee Shaame kasimama kizingitini. Kamtazama yule mtu, kamtazama Bi Mize. Mtoto wake anaoa kesho, mchele haujachambuliwa. Nisijidanganye, ningekuwa mimi ningemrudisha bibi wa watu kwa maneno mazuri.

Bi Mize hakumbembeleza. Kasema, "Shaame, mie nshapika hitima ya mume wangu peke yangu. Sitaki ntu mwengine apike hivo. Nipishe nikae, miguu yaniuma."

Akampisha.

Akamsogezea mkeka kwa mkono wake. Kisha akatwaa panga, akachutama mbele yake, akaanza kumvunjia nazi. Yeye anavunja, bibi anakuna.  Maji ya nazi yanammwagikia kwenye kanzu ya Ijumaa wala hajali. Ng'ambo madirisha yakafungwa moja moja.

Nimelia mimi, kalia Salma. Bi Mize katugombeza, ati tukitaka kulia tuondoke kwenye sinia, mchele wa harusi haupikwi na makamasi.

Nikatoka nje nikampigia Haji. Waambie mama zako waje. Wote.

Jumamosi, 17 Februari

Kaka yake Salma kaoa, alhamdulillahi.

Kina mama wa Haji walikuja jana ile ile na visu vyao, wakachambua na kumenya mpaka magharibi. Leo kaja Haji mwenyewe na nusu ya darasa. Haji kapewa kazi ya kuosha masufuria, kaifanya kama anatumikia adhabu. Salma kampelekea sabuni. Kamwambia siku nyengine amwombe ruhusa mwenyewe kabla ya kumrekodi, basi.

Watu wa kwao Shaame walikuja wachache. Ndugu yake wa baba mmoja, imamu, na vijana waliokaa pembeni wakala haraka wakaondoka. Nilitarajia wengi zaidi. Niliamini kabisa kwamba wakiona yale ya jana nyoyo zao zitalainika. Hazikulainika.

Pilau ikabaki nyingi. Mamake Salma akaipakua kwenye sahani, akazifunika, akapeleka kila nyumba ya mtaa, na zile zilizofunga madirisha. Sahani nyengine zikarudi zimeoshwa. Nyengine zikarudi na pilau yake ndani. Zote kazipokea, zote kasema ahsante. Halafu akaingia chumbani akafunga mlango, na sisi tukajitia hatukuona.

Mzee Shaame simwelewi. Yuko kama kawaida. Kaniaga vizuri. Habari ya chuo hakuitaja, na mimi nilikosa uso wa kuuliza.

Jumatatu, 19 Februari

Salma yupo.

Kaja na babake. Mzee Shaame kapiga hodi, kauliza kama mzazi anaruhusiwa kusikiliza, akakaa kiti cha nyuma kabisa, mikono kwenye mapaja. Mkuu wa chuo kachungulia mara mbili. Nikasomesha uchaguzi: kura, mshindi anavyopatikana, serikali inavyoundwa.  Katikati mzee kapitiwa na usingizi kidogo. Leo hakuna aliyeandika, wote walikuwa wanamtazama yeye.

Nilipouliza kama kuna swali, akanyoosha mkono kama wanafunzi wengine. Akasimama. Kasema kasikia vizuri anayeshinda anapewa nini. Yeye anataka kujua kwenye vitabu vyetu hivi, aliyeshindwa anazikwa na nani.

Hakucheka mtu. Haji kainamisha kichwa.  Nikamwambia halimo, Mzee.

"Basi litieni," kasema, akachukua bakora yake. Ilibidi awahi gari, akifika Micheweni alikuwa anapita kwanza kwa Bi Mize na dawa ya miguu aliyomnunulia hapa Chake.

Salma akamsindikiza mpaka langoni, akarudi, akakaa. Tukaendelea mpaka adhuhuri.