Ukuta wa Kisima cha Zama Beloha

Jumatano, Mahajanga. Joto tangu alfajiri, na mimi nina furaha mbaya.

Naandika kwa Kiswahili nilichokipata Unguja nikiwa masomoni, maana ofisini hakuna anayekisoma. Hapa nitasema yote.

Leo nimepewa kisima cha Zama Beloha nikipime.

Huku kwetu Zama ni neno la heshima, tunamwita hivyo mwanamume aliyetuzidi umri, hata kama hatumpendi. Simpendi. Miaka minne iliyopita, Ambatoloaka kule Nosy Be, yeye alichimba kisima cha hoteli na mimi nikateremsha chombo cha kupimia ukuta wake. Kikakwama chini. Akasimama mbele ya vibarua na wapishi wa hoteli, akasema binti huyu ameachia waya wa chombo mbio, hajui kazi. Nikafukuzwa siku ileile. Habari ilifika Mahajanga kabla yangu, na Baba, aliyekuwa akijisifu bandarini kwamba binti yake ni mhandisi, akaacha kunitaja. Hajawahi kuniuliza ilikuwaje. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Basi asubuhi nimekwenda Tsaramandroso, kwenye kisima chake kipya cha mtaa. Chombo kinatoa mlio ambao sikio halisikii. Mlio unagonga ukuta na kurudi, na muda wa kurudi unaonyesha ukuta uko karibu au mbali. Kompyuta inauchora ukuta wote kana kwamba umepasuliwa na kutandazwa kama mkeka. Palipochimbwa vibaya hapajifichi.

Nilipoiona picha nilicheka peke yangu. Ukuta mbovu, juu hadi chini. Umekwisha, mzee, nikasema moyoni. Ripoti ya picha ile ingefanya kisima kifukiwe na jina lake lizikwe humo humo.

Nikaanza kuiandikia ofisi barua pepe.

Kisha nikaona kitu. Upande mmoja wa shimo ulikuwa karibu mno na wa pili mbali mno, sawasawa, kila mita. Ukuta hauharibiki kwa mpangilio namna hiyo. Nikaenda kukitazama chombo. Springi za chini, zile zinazokishika katikati ya shimo, sikuzifunga. Zilikuwa bado sandukuni. Chuki ilinitia haraka nikasahau kitu ambacho hata mwanafunzi hasahau.

Nakiri kwamba nilikaa na picha ile muda mrefu. Nani angejua? Wanawake wa mtaa wangeendelea kubeba ndoo zao kutoka mbali, na mimi ningelala vizuri. Ndivyo nilivyowaza, na sioni haya kuyaandika.

Nikafunga springi, nikarudia.

Picha ya pili ikatoka safi, ukuta laini, mpaka mita ya thelathini na moja. Kuanzia hapo umechongeka mizunguko kama ya parafujo, ukingo baada ya ukingo, upana wa kiganja. Hiyo ni kazi ya chuma cha kuchimbia kilichopinda. Nikatoa flashi ninayotembea nayo miaka minne. Ndani yake mna picha ya Ambatoloaka, niliyoipata chombo kikishuka, kabla hakijakwama. Mizunguko ileile, upana uleule, na inaishia pale pale chombo kiliponasa.

Chuma kilekile, na kingo zake ndizo zilizonasa chombo changu, si waya.

Picha ya kwanza ingemmaliza. Ya pili inamtaka atengeneze mita chache tu, kisha aendelee na maisha. Nimepeleka ya pili, pamoja na ile ya Nosy Be. Usinisifu, shajara, huu si wema. Uongo wangu angeweza kuupinga, na mimi nataka asiwe na pa kupita.

Ijumaa baada ya sala mtaa utakusanyika kisimani kuomba dua kabla ya mabomba kuteremshwa, na mchimbaji huketi mbele pamoja na wazee. Nimeombwa nisome matokeo. Nitasoma polepole, mita kwa mita, nikimwita Zama kwa adabu zote.

Nimemwambia Baba aje asikie. Ameniuliza avae kanzu ipi.

Nimemwambia ile mpya.