Goti la Shujaa wa Plastiki

Endarasha, Jumatano, Julai 1996

Mama amemsugua. Shujaa wangu wa plastiki, niliyemngojea miezi minne, na kesho ndiyo siku ya kuwaandikia wenzangu wanaokusanya wanasesere kama mimi iwapo anafaa au hafai.

Buti zake zilikuwa zimepakwa rangi ya matope, kazi safi kabisa. Mama akadhani ni matope kweli, na kwake hakuna anayeingia ndani na matope ya shamba. Akachukua ile waya ya kusugulia sufuria.

"Ati unamweka mezani na viatu vichafu hivyo?"

Nimechoka hata kukasirika. Nikaandika tu maelezo ya kesho: umbo zuri, uso una ukali wake, rangi hakuna tena. Kisha nikajaribu viungo. Goti la kushoto, lililokataa kukunjika tangu nifungue boksi, likakunjika bila shida.

"Hilo nililipaka dawa," Mama akasema kutoka jikoni. "Nilimhurumia."

Ni dawa yake ya kuchua magoti. Chupa nimeikuta kwenye takataka, tupu. Na jioni nilimwona akienda kukamua ng'ombe, akijishikilia ukutani.