Dunia Imelala Upande

Jumanne, 4 Oktoba
Mke wangu kafa leo saa tatu asubuhi. Figo. Nilikuwa kiwandani nafyatua matofali. Nimemkuta kashafunikwa.

Ijumaa, 7 Oktoba
Tulizika jana. Shemeji, mdogo wake marehemu, kasema mbele ya watu: binti yenu namchukua. Ana miaka kumi na mmoja, na dada ndiye aliyekuwa anamsomesha. Wewe Mzee Tope utamfundisha nini? Watu wakacheka kidogo.

Jumatatu, 10 Oktoba
Binti kaniletea swali la shule. Kwa nini kuna miezi ya joto na miezi ya baridi? Nikaona hili jepesi! Jua likisogea karibu, joto. Likienda mbali, baridi. Akaandika vilevile.

Jumanne, 11 Oktoba
Kosa. Kalamu nyekundu ukurasa mzima. Shemeji kalishika daftari kama ushahidi wa kesi. Umeona? Jumatatu nakuja kumchukua, na usinizuie.
Binti hakula.

Jumatano, 12 Oktoba
Mwalimu kawaeleza upya. Nami nikamuuliza binti. Kanijibu bila kuniangalia: umbali si kitu, baba. Dunia imelala upande. Panapoliinamia jua panapigwa sawasawa. Mahali pengine panapigwa mshazari, jua linapita juujuu tu.
Nikaruka kitini. Hii naijua! Tofali bichi likilala, jua la asubuhi linaliparaza tu. Lisimamishe, lipigwe usoni — linakauka. Miaka kumi na tisa nafanya hivyo!
Kaniangalia kidogo.

Jumapili, 16 Oktoba
Nimeleta udongo wa kiwandani. Nikafinyanga mpira, nikachomeka kijiti, nikakiinamisha. Tukafunga pazia, taa katikati ya meza. Nikauzungusha mpira kuizunguka taa, huku nakigeuza kijiti kiitazame taa kila mahali. Si ndivyo tunavyogeuza matofali?
— We baba! Usiugeuze! Sasa baridi itatoka wapi?
Kacheka. Mara ya kwanza tangu mama yake afariki!
Kanishika mkono, kanieleza: Kijiti kielekee mlangoni siku zote. Upande huu wa meza kinaiinamia taa — joto. Upande ule kinaipa taa kisogo — baridi. Mpira unaizunguka taa, kijiti hakibadili mawazo. Basi!

Jioni nyapara kapita, kasema: Siku za msiba zimekwisha. Kesho usipoonekana, usije tena. Na shemeji anakuja kesho saa nne. Nitakuwa kwenye udongo.
Begi la binti liko mlangoni. Shemeji alilifunga mwenyewe juzi.
Nikamwambia binti, sitakuwepo. Kauliza mpira ule utakauka lini. Nikasema siku tisa, kivulini, usipasuke.
Kauweka juu ya kabati, kijiti kuelekea mlangoni. Kasema mtu asiuguse mpaka siku tisa ziishe, yeye mwenyewe atauangalia kila siku, hapahapa.
Kesho narudi kazini.