Lynnet Si Yule Mama wa Kwenye Feri

Oyugis,
Kaunti ya Homa Bay.
16 Septemba 2025.

Mpendwa mwanangu Frankline,

Habari za huko Kanada? Kabla ya lolote nataka kujua kama ule mgongo umepona na kama sasa wanakupa kazi ya ndani, maana mama yako amekonda kwa kukuwaza ukibeba mizigo kwenye theluji. Mimi baba yako mdogo ni mzima. Goti linanisumbua mvua ikikaribia, lakini sauti ingalipo, na mtu wa kazi yangu akiwa na sauti ana kila kitu. Monicah mama yako hajambo, presha imeshuka. Mahindi tumevuna, si mengi lakini yatatufikisha. Dada yako Lynnet yuko, na ndiye aliyenifanya nikae chini niandike.

Naandika kwa sababu kwenye simu hunipi nafasi. Unajibu kabla sijamaliza, halafu unasema ati mtandao ni mbaya. Hapa utanisoma mpaka mwisho. Mama yako atapiga picha kurasa hizi akutumie, na ukiruka aya nitajua.

Nilisoma ulichoandika kwenye kikundi cha familia, kwamba Lynnet awaombe msamaha watu wa mchumba wake Mokua na aape hataigiza tena, ili ndoa isivunjike. Ulikasirika, nakuelewa. Mtu akiwa mbali, kisha watu wa kwao wamtumie kipande cha filamu wakimwuliza kama huyu ndiye dada yake, lazima damu ichemke. Lakini ulikosea, na nitakuonyesha ulipokosea. Kama kuna mtu katika ukoo huu anayejua mambo ya filamu, ni mimi.

Kipande chenyewe unakijua. Lynnet ni mama muuza samaki pale Mbita. Mtoto wake amemshika nguo. Anambandua vidole kimoja kimoja, anamwacha mlangoni kwa dada yake, anapanda feri, hageuki nyuma. Basi. Kimezunguka kwenye simu kutoka Mbita hadi Ntimaru, bila mwanzo wala mwisho, na watu wameamua kwamba huyo ndiye Lynnet. Pale sokoni anaposhona, mama mmoja alikuja kuchukua sare ya mtoto hata vifungo havijatiwa. Alisema hawezi kumvalisha mtoto wake nguo iliyopita kwenye mikono ile. Lynnet, ambaye hata paka wa jirani hajawahi kumfukuza.

Na watu hawa si wajinga. Ni sisi tuliowazoeza. Unajua nimekuwa kwenye banda la video tangu wewe ukiwa shule ya msingi. Picha inatoka ng'ambo, mimi nashika maikrofoni natafsiri. Kwangu kulikuwa na watu wawili tu, stelingi na adui. Stelingi hafi, na adui hana mama. Adui akilia, mimi nilisema anacheka. Watu walipiga makofi na kesho yake wakarudi, na sioni aibu, biashara ni biashara. Kwa hivyo wakimwona mwanamke anamwacha mtoto, wanajiuliza tu yeye ni yupi kati ya wale wawili, na jibu wanalo tayari.

Lakini wewe nionyeshe mtu mmoja hapa Oyugis aliye hivyo. Ombati wa duka la vifaa hukupimia misumari kama anakupimia dawa, lakini kukiwa na msiba yeye ndiye wa kwanza kushika jembe kuchimba kaburi, na ukimpa chakula anakataa. Mimi mwenyewe huwafokea watoto wanaochungulia picha bure kwenye lile tundu la nyuma ya banda. Mabati ninayo, nyundo ninayo, na tundu liko pale sijui mwaka wa ngapi. Na wewe je? Ulimpiga ngumi mtoto wa jirani, halafu ukampa ugali wako wote kwa sababu anatoka damu puani. Mama yako alishindwa kujua akuchape au akusifu.

Elvis, yule kijana wa Mbita aliyetengeneza hiyo filamu, hakuweka stelingi. Nilipoiona mara ya kwanza nilichukia, nikauliza sasa mtazamaji atamshangilia nani. Lynnet ndiye aliyenijibu. Alisema hakumwigiza mtu mbaya, alimwigiza mtu aliyechoka, na mtu aliyechoka hufanya mambo ambayo akishapumzika hataki kuyakumbuka.

Sasa sikiliza yaliyotokea Jumapili. Mong'ina, mama yake Mokua, alikuja nyumbani na kijana wake. Ni Wakisii, Waadventista, wamekaa hapa Oyugis miaka mingi wakiuza ndizi, watu wa heshima. Mama yako alikumbuka kwamba hawanywi chai ya majani, akampikia uji. Mgeni akanywa, akauliza habari za shamba na ng'ombe, kisha akaweka kikombe chini akasema amekuja kuturudishia neno letu. Ndoa haitakuwepo. Hakutaka kulisema hilo kwa simu, maana jambo kama hilo husemwa uso kwa uso. Hakuwa na ugomvi nasi, lakini uso aliouona kwenye simu hauwezi kuigizwa na mtu asiye na kitu kama hicho ndani yake, na yeye hataki kitu hicho kiwe karibu na wajukuu zake. Mokua aliangalia viatu vyake. Lynnet alikuwa jikoni akisikia kila neno.

Nilimwomba Mong'ina kitu kimoja tu, aione filamu yote, kisha aseme vile vile kama bado anataka. Akakataa. Kwao mambo ya sinema hayaingii katika nyumba ya mtu anayesali. Nikamwambia, mama, umeshaona pale pabaya kuliko pote, palipobaki hapawezi kukudhuru. Mokua naye akamsihi. Akakubali, kwa sharti kwamba hakanyagi banda langu. Basi nikabeba ile televisheni kubwa kutoka bandani hadi sebuleni kwa Monicah, na goti hili hili.

Filamu ni ya Kijaluo, kwa hivyo nikakaa kando ya mgeni nimtafsirie kwa Kiswahili. Hapo nikafanya ninachojua kufanya. Yule mama wa kwenye filamu alipomdanganya dada yake, nikasema anamwombea. Alipocheka na kijana wa feri, nikasema analia moyoni, maskini, hana njia. Nilitaka awe stelingi kabla ya jua kuzama. Mong'ina alivumilia kidogo, kisha akasema bila kunigeukia, "Mzee, hebu nyamaza. Hasemi hivyo. Nimewauzia Wajaluo ndizi miaka hii yote, Kijaluo nasikia." Mama yako alicheka mpaka akatoka nje. Mimi nikafunga mdomo.

Kile kipande cha vidole kikapita. Mong'ina akaguna tu. Lakini kwenye filamu yenyewe mambo hayaishii pale. Kwenye feri yule mama ananunua mandazi, anakula kwa pupa kama mtu aliyeshinda njaa, na anafurahi. Uso wote unafunguka. Halafu anamega nusu, bila hata kuangalia, anaipeleka kando yake, chini kidogo, pale ambapo mtoto huwa anasimama. Mkono unabaki hapo. Hakuna wa kupokea.

"Zima," Mong'ina akasema.

Nilidhani tumekwisha. Nikazima. Kisha Mong'ina akaanza kuzungumza, si na sisi, bali na Mokua. Baba yake Mokua alipowaacha, yeye alimpeleka Mokua akiwa mdogo kwa nyanya yake huko Kisii, akaenda Ntimaru kufanya biashara ya mpakani. Hilo Mokua alilijua siku zote, na halina ubaya, akina mama wengi wamefanya hivyo. Ambalo hakuwahi kumwambia mtu ni kwamba alipofika barabarani alinunua mahindi ya kuchoma, akala akitembea, na mikono yake ilikuwa miepesi, na alifurahi. Alifurahi kama msichana. Kule kumwacha hakumsumbui, kulikuwa na sababu. Ile furaha ndiyo aliyoificha miaka yote, akiogopa kwamba mama mzima hawezi kuwa na kitu kama hicho moyoni. "Nilifikiri ni mimi peke yangu," akasema.

Mokua akamwuliza, "Nilikuwa nalia?"

"Sijui. Sikugeuka."

Niliona uchungu sana. Mokua alihama kiti akakaa karibu na mama yake. Lynnet alitoka jikoni akakaa upande wa pili.

Nimelifikiria jambo hili tangu juzi, na nina hakika nalo. Kile kipande cha simu kilimwonyesha Mong'ina mtu wa kuogopwa. Filamu nzima ilimwonyesha mtu anayemfahamu. Mtu wa kwenye picha akipewa uongo wake, njaa yake, furaha yake na aibu yake, kila anayemtazama hukuta humo kitu cha kwake, hata kile ambacho hajawahi kukitaja. Kama Lynnet angemwigiza yule mama kama shetani, tungepiga makofi, na huyu mama wa watu angekufa na siri yake akijiona yeye ndiye shetani. Hiyo ndiyo kazi ya dada yako. Sasa niambie msamaha anaombea nini.

Kwa hivyo ule ujumbe wako ufute. Kisha mpigie Lynnet umwulize kazi yake inaendeleaje, kama unavyowauliza watu wengine. Ndoa ipo. Desemba watu wa Mokua wanakuja kujitambulisha rasmi, na nafasi ya kaka yake bibi arusi haikaliwi kwa simu. Anza kuomba likizo sasa.

Bado sijakueleza walivyoondoka. Tuliwasindikiza hadi barabarani. Mong'ina akamvuta Lynnet kando kidogo, lakini masikio yangu hayana shida. Alimwambia, "Ukipata mtoto, usiache hii kazi yako. Mlete kwangu, wewe uende. Huyo nitakaa naye."

Mama yako anakusalimu na anauliza kama unga wa ugali unapatikana huko. Shangazi yako Millicent anakusalimu, Cephas wa Rusinga pia, na Mokua amesema nikufikishie salamu za shemeji. Mungu akutunze kwenye baridi hiyo, akupe afya, na akulete nyumbani tukuone kwa macho.

Anayekupenda kama aliyekuzaa,

Baba yako mdogo,
Willis.